Tanzia ya Nahodha Selemani

Mgeni alipiga hodi mchana, ukungu ukiwa bado umekalia miti ya plamu. Janeth akatoka na kisu mkononi na maganda ya viazi yamemganda kwenye khanga. Uani alisimama mwanamume wa makamo, kofia ameivua, viatu vimejaa tope jekundu. Hakuwahi kumwona.

"Shikamoo," Janeth alisema.

"Marahaba. Hata maiti huamkiwa siku hizi?"

Janeth akatabasamu kwa adabu, akingoja mzaha umalizike ndipo auelewe.

"Hapa ndipo anapokaa Janeth wa Kristian, yule aliyesomea ualimu?"

"Ndiyo mimi, baba."

"Basi mimi ni Selemani Shechambo wa Lukozi. Mimi ndiye marehemu."

Mama yake Janeth alikuwa barazani akipukuchua maharage. Akacheka. "Karibu baba, kaa. Wewe lazima ni Mzigua. Mzaha wa maiti ni wa watani, Msambaa hauwezi."

"Mimi Msambaa halisi, mama. Ndiyo maana hauchekeshi."

Akakaa. Akatoa simu mfukoni, akaibonyeza, na pale barazani ikasikika sauti ya Janeth mwenyewe, nzito na ya taratibu kama ya mtangazaji wa redio: "Ukoo wa Shechambo wa Lukozi, wilayani Lushoto, unasikitika kutangaza kifo cha ndugu yao mpendwa, Nahodha Selemani Shechambo, kilichotokea ghafla akiwa safarini. Habari ziwafikie dada yake Tatu, popote alipo huko Bungu, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote. Mwili uko njiani. Atakayesikia tangazo hili amwarifu na mwenzake."

Mama akaacha kupukuchua.

"Janeth," alisema.

Janeth alitaka kueleza, na kila maelezo yalipofika mdomoni aliyaona ni ya kitoto. Yeye na marafiki zake wawili walikuwa wakirekodi podikasti kwenye ghala la viazi la mjomba wake, kwa kuwa magunia humeza mwangwi. Podikasti yenyewe iliitwa *Chombo Kimekwama*. Walizikejeli zile tamthilia za anga za juu walizozitazama utotoni kwenye banda la video pale Soni, ambamo watu wenye nguo za kubana hufika kwenye sayari ya wenzao bila hata kupiga hodi. Faraji, fundi simu wa karibu na stendi, alikuwa nahodha. Alen, aliyemaliza chuo mwaka mmoja na Janeth na ambaye kama yeye alikuwa akisubiri ajira, alikuwa roboti aliyechajiwa kwa jirani kwa sababu ya mgao wa umeme. Janeth alikuwa kila mtu mwingine.

Hawakuandika kitu wala kufanya mazoezi. Mmoja alirusha sentensi, mwingine akaidaka, na sharti lilikuwa moja tu: usimkatalie mwenzako. Akisema una mikia miwili, unayo. Akisema umeoa sayari, unaanza kuulizia mahari. Katika chombo chao hakuna aliyeruhusiwa kufyatua kombora kabla ya kuamkia. Kuna siku walikutana na adui mwenye vichwa vitatu, na vita vikachelewa kwa sababu hawakujua kichwa kipi ni kikubwa kwa umri.

"Shikamoo, kichwa cha kati," Faraji alisema.

"Marahaba," Janeth alijibu, kisha kwa sauti nyembamba, "Kumbe hiki cha kushoto hukukiona? Mama yako hakukufundisha?"

"Nisamehe, mzee. Chombo kina ukungu."

"Na huyo wa bati mbona haamkii?"

"Nina asilimia mbili ya chaji," Alen alisema. "Nikiamkia vyote vitatu nazima."

Watu waliipenda. Muuguzi mmoja wa Muheza aliandika kwamba huwasikiliza akitoka zamu na hucheka peke yake njiani mpaka watu wanampisha. Kijana aliyekuwa akisoma Dodoma alisema anasikia harufu ya nyumbani. Janeth alikuwa na maelezo yake, ambayo aliwapa watu hata bila kuulizwa: msikilizaji anawasikia watu watatu ambao hawajui sentensi inayofuata, kila mmoja anajiachia, na kila mara kuna mkono wa kumdaka. Aliamini kabisa kwamba watoto wakifundishwa hivyo shuleni, nchi itakuwa nyingine.

Siku ya tanzia, ileile ya adui wa vichwa vitatu, simu ya mteja ilimlilia Faraji katikati ya kurekodi na akalazimika kutoka. Alen, bila kusita, akatangaza kwa sauti ya bati, "Nahodha amemezwa na shimo jeusi." Haikukatalika. Janeth akashika kipaza sauti na kumfanyia nahodha tangazo la kifo kama yale ya redioni. Nahodha hakuwa na jina mpaka dakika ile. Alimpa. "Mwili uko njiani" ndiyo iliyomshinda Alen, kwa kuwa anayemezwa na shimo jeusi huanguka milele, hafiki. Alijifunika gunia usoni ili kicheko kisisikike. Tanzia ikatoka safi, bila doa la mzaha. Hicho ndicho Janeth alichojivunia.

"Kuna mtu amekikata hicho kipande," Selemani alisema. "Akakitupia kwenye kundi la watu wa Lukozi. Wa kwanza labda alicheka. Wa pili alilia. Mimi nilikuwa Dar na kabichi, simu imezima. Na pale kwetu mimi naitwa Nahodha tangu nikiongoza timu ya mpira ya kijiji. Nani angekuwa na shaka?"

"Baba, naapa, ni jina lililonijia tu."

"Likitoka wapi?"

"Sijui. Ukiwa unaigiza vile, maneno yanakuja yenyewe."

"Umewahi kukaa Lukozi?"

Janeth akafungua mdomo kusema hapana. Akakumbuka. Alifanyia mazoezi ya kufundisha huko, alipanga chumba karibu na bomba la maji. Pale bombani, jioni kwa jioni, wanawake walisimulia habari za kijiji wakingoja ndoo zijae. Nahodha na dada yake. Dada wa Bungu aliyeapa. Alizisikia akiwa na ndoo yake kichwani na akafikiri amezisahau. Uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

"Nilikaa," alisema.

"Basi halikukujia. Ulilichukua."

Mama akasimama, akaingia ndani, na Janeth akajua ameingia ili asimwone mwanawe akiwa hivyo.

Selemani alisimulia bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. Mama yao alipofariki, walimzika alasiri ileile kama dini inavyoelekeza. Tatu, dada yake mkubwa, alitoka Bungu mbio, akafika magharibi, kaburi limeshafungwa. Alisimama mbele ya watu akamwambia Selemani, "Hapa nitakanyaga tena siku ya kukuzika wewe." Hakukanyaga tena. Mpaka tanzia hii.

"Nilishuka kwenye lori nikakuta turubai uani kwangu. Nikajiuliza nani kafa. Watu wakaanza kukimbia, mwalimu, mmoja karuka ua kaacha kiatu. Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliniangalia, akafunga khanga yake, akaondoka. Anaamini nimejitangazia kifo ili nimvunjie kiapo."

"Nitakwenda Lukozi nikawaeleze watu wote, baba. Hata msikitini, wakiniruhusu nisimame nje."

"Lukozi wameshacheka, wamemaliza. Nenda Bungu."

"Twende wote?"

"Akiniona na wewe atasema nimekupanga. Nenda peke yako, umwambie ukweli ulivyo. Mimi nataka dada yangu ajue sikumfanyia hivyo. Basi." Akavaa kofia yake. "Nilikisikiliza chote, hicho kipindi chenu. Pale nahodha anapomezwa nilicheka. Nikajiona mjinga."

Janeth aliahidi kwenda.

Alipita kwanza kwenye kibanda cha Faraji. Alen alikuwa hapo. Madereva wa bodaboda waliokuwa nje walimwona wakapaza sauti, "Mwalimu! Mwili uko njiani!" Mwezi mzima kelele hizo zilikuwa zimempa furaha. Sasa alipita ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo mwili umefika?" Faraji alisema aliposikia habari yote, akacheka, kisha akauona uso wa Janeth akaacha. "Samahani. Lakini sisi tulijuaje?"

"Mimi nilijua."

"Hukujua. Ulikumbuka. Ni tofauti."

"Kwa huyo mama hakuna tofauti."

Alen alikuwa akiuviringisha waya wa chaja kidoleni. "Jumamosi majaji wanasikiliza," alisema polepole.

Hakuna aliyekuwa amesahau. Shirika moja la vijana la Dar liliandaa mashindano ya podikasti za Kiswahili, na kati ya waliofika mwisho walikuwemo wao. Mshindi angepewa kipindi redioni, kazi ya kweli yenye mkataba. Kipindi walichokipeleka kilikuwa hicho cha tanzia. Alen alikuwa ameshawaambia kwao. Mama yake alikuwa amemshonea shati.

"Nenda Bungu," Faraji alisema. "Omba radhi, lia kidogo, rudi. Kipindi usikiguse."

Kesho yake Janeth alishuka mpaka Soni, akachukua pikipiki ya kumpandisha tena milimani kwa barabara ya vumbi. Njia nzima alipanga maneno. Yeye aliyezoea kujirusha bila kupanga, alipanga sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zote zilianza na "sikukusudia".

Tatu alikuwa ameanika maharage kwenye turubai mbele ya nyumba. Mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kichwani.

"Onga mshi, mama," Janeth alisema kwa Kishambaa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Lushoto. Mimi ndiye niliyetangaza kifo cha kaka yako."

Sentensi zote alizozipanga zilikimbia. Tatu aliendelea kutandaza maharage kwa kiganja, mpaka akafika ukingo wa turubai. Ndipo akaketi chini.

"Amekutuma Selemani?"

"Amenituma. Lakini hakujua chochote, mama. Alikuwa Dar. Ni mimi na wenzangu, tulikuwa tunafanya mchezo."

"Mchezo wa nini?"

Janeth akaeleza chombo cha angani, nahodha, shimo jeusi. Juani pale, mbele ya maharage, yalisikika kama maneno ya mtu mwenye homa. Tatu hakumkatiza.

"Nisikilizishe," alisema alipomaliza. "Chote. Si hicho kipande."

Wakakaa ukingoni mwa turubai, simu katikati yao. Ilikuwa adhabu ambayo Janeth hakuifikiria, kujisikiliza akichekesha mbele ya mtu huyu. Kila mzaha ulipokaribia alitamani uruke. Adui wa vichwa vitatu akaanza kugombania shikamoo, na kichwa cha kushoto kilipouliza, "Mama yako hakukufundisha?" Tatu akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, cha ghafla, cha msichana. Akajiziba mdomo kwa khanga.

"Hapo mlifanya vizuri," alisema kwa shida. "Ndiyo maana inauma."

Ikafika tanzia. Tatu akaishusha khanga, akainamia simu.

"Sauti hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Hukucheka."

"Nilijizuia, mama."

"Na wenzako?"

"Mmoja alijifunika gunia."

Tatu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei ya kitu ambacho hakukitaka. "Mimi niliacha sufuria motoni. Nilitoka na kandambili, moja yangu na moja ya mjukuu. Mama yangu nilichelewa kumzika. Nikasema huyu sitachelewa." Akaokota harage lililooza akalitupa. "Nilifika. Nikakaa mkekani. Nikamsamehe mbele za watu, kwa sauti, nikayasema yote mpaka wengine wakalia. Halafu akashuka kwenye lori la kabichi."

Janeth akainamia maharage.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Msamaha nimempa maiti. Aliye hai anaweza kuudai?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui." Kisha akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Habari zetu ulizipata wapi? Jina langu, Bungu?"

"Bombani Lukozi. Nilikuwa mwalimu wa mazoezi. Wanawake walisimulia, nikasikiliza. Nilidhani nimesahau."

"Kwa hiyo walinicheka huko, ukaja ukanicheka na wewe, bila hata kunijua."

"Ndiyo," Janeth alisema. Alikuwa na nafasi ya kusema haikuwa hivyo hasa. Hakuitumia. Machozi yalimjia, na aliyaonea aibu kwa kuwa hayakuwa na haki ya kuwa yake.

Wakati huohuo wanafunzi walipita njiani na sare zao. Walisimama kwa adabu. "Shikamoo, bibi!" Tatu akaitikia. Wakaenda hatua chache, mmoja akamsukuma mwenzake kwenye mtaro akapiga kelele, "Mwili uko njiani!" Wote wakaangua kicheko, wakakimbia.

"Unaona?" Tatu alisema. "Hawajui kama ni mimi. Kila siku wananiamkia kwanza, halafu wananizika." Akajipangusa mikono. "Selemani sidhani tena kwamba alitunga. Hana akili ya kutunga mambo haya, hata mpira alikuwa akikimbia tu. Mwambie aache kutuma watu. Aje mwenyewe. Na wewe, kifute hicho kitu."

"Nitakifuta," Janeth alisema papo hapo.

"Lini?"

"Kesho, nikikutana na wenzangu."

"Ukishafuta nipigie. Nataka kusikia kwa sauti ileile."

Ilikuwa baadaye, pikipiki ikishuka kuelekea Soni, ndipo Janeth alipokumbuka kwamba ameahidi kitu ambacho theluthi mbili ni za wenzake. Alimpigia Selemani akampa ujumbe. Kwa Faraji na Alen aliona aibu kupiga. Alingoja awaone.

Ghala lilikuwa limejaa viazi vipya, harufu ya udongo mbichi. Faraji alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeahidi kwa mdomo wa nani?"

"Wangu. Nilikosea kuahidi kwa niaba yenu. Lakini nimeahidi."

"Ngoja Jumamosi ipite. Ni siku chache, Janeth! Tukishashinda tunafuta, tunamwomba radhi huyo mama redioni, nchi nzima isikie."

"Nchi nzima isikie tena habari zake?"

Faraji akapiga gunia teke. "Ana simu gani?"

"Kitochi."

"Basi. Hana mtandao. Mpigie sasa hivi, mwambie umefuta. Atajuaje?"

Hata yeye aliinamisha macho baada ya kusema hivyo. Janeth alikuwa ameshalifikiria. Alilifikiria usiku wote, na ndilo lililomtia aibu kuliko tanzia yenyewe, kuona jinsi lilivyokuwa jepesi. Angepiga, angesema neno moja kwa ile sauti nzuri, tulivu, na angeaminiwa kama alivyoaminiwa mara ya kwanza.

"Alen?" aliuliza.

Alen alikuwa amekaa juu ya gunia, amevaa lile shati jipya. Labda alilivaa kulijaribu tu. "Hao watoto wa Bungu hawataacha kusema," alisema. "Hata ukifuta."

"Najua."

"Na hatuwezi kukirudia. Tukijaribu tutakuwa tunaigiza tu."

"Najua, Alen."

Alen akalitazama shati lake. "Mama atauliza," alisema. Lakini hakusema hapana.

Janeth akaketi chini, akafungua ukurasa wao kwenye simu. Kipindi cha tanzia kilikuwa juu ya vingine vyote, na chini yake maneno ya watu, vicheko, mioyo, mtu anaomba kingine kama hicho. Akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena. Kisha akatafuta rekodi yenyewe, ile ya asili iliyobaki kwenye simu yake peke yake, ambayo hakuna aliyeitaja wala kumkumbusha, akaifuta nayo. Faraji aliona. Akatoka nje bila kuaga, na wakasikia akiwasha pikipiki.

Janeth akapiga simu. Iliita kwa muda mrefu.

"Mama Tatu, ni Janeth wa Lushoto. Nimekifuta."

"Chote?"

"Chote. Hata mimi sina."

Janeth akaibana simu sikioni. Nyuma ya Tatu alisikia mtu akikohoa, kikohozi cha mwanamume.

"Haya," Tatu alisema. "Selemani yuko hapa nje tangu mchana. Nilimwambia akae kwenye jiwe mpaka hii simu iite."

Simu ikakatika. Janeth alibaki ameishika, uso bado unamwaka. Upande wa pili wa ghala, Alen alikuwa ameanza kuwaandikia waandaaji kwamba wamejitoa.